Nilipatana Bei Mpaka na Siku za Kukausha Mtumbwi wa Mkwe Wangu

Milioni moja na laki tano. Mtumbwi mmoja. Mke, siku thelathini na moja mpaka leo. Na marahaba ya mkwe wangu, ambayo haina bei sokoni, nshaulizia.

Nimehesabu mara mbili. Hesabu haibadiliki, na mkosa ni yule yule: mie.

Msinitafute jina. Majina ya watu wote humu nimeyabadilisha, isipokuwa la mtumbwi, kwa kuwa mtumbwi haunishtaki. Nataka niseme tu, maana nyumbani hakuna wa kumwambia. Tumebaki mie na paka, na paka naye nnamwona kama anafungasha.

Nimezaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe. Kazi yangu ni kununua vitu vya hoteli vilivyochoka na kuwauzia watu ambao hawajachoka: magodoro, milango, majokofu, viti vya ufukweni vyenye miguu mitatu. Biashara nimeianza utotoni. Wenzangu wakiruka baharini pale Forodhani, mie nilikuwa juu ukutani nalinda nguo zao, kila nguo peremende moja. Aliyetaka nguo zake zisichezewe alilipa mbili.

Kwangu mie bei ya kwanza ni uongo, ya pili ni salamu, ya tatu ndiyo mazungumzo. Nimepatana na kinyozi nusu ya kichwa kishanyolewa. Nimepatana na daktari wa meno, mdomo wazi. Mahari ya mke wangu Zuwena niliipatana mpaka marehemu baba yake akasema, "Mchukueni huyu binti, kabla sijaambiwa nilipe mimi."

Sasa mkwe. Mama yake Zuwena, nimwite Bi. Mosi, anakaa kijiji cha jirani na Paje na analima mwani. Zamani walilima maji madogo, bahari ikitoka wanakwenda kwa miguu. Siku hizi maji ya karibu yamekuwa moto, mwani unapauka na kukatika. Mwani mzuri unataka kina. Na kina kinataka chombo.

Bi. Mosi anacho. Mtumbwi wa gogo moja la mwembe, kaachiwa na mumewe, unaitwa Sina Pupa. Huenda nao yeye na wenziwe watatu. Wanainama ubavuni, wanavuta kamba za mwani zilizofungiwa chupa tupu za plastiki ziwe maboya, wanachuma, wanajaza magunia, wanarudi kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Wanawake wanne, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Mtumbwi ukaanza kuoza. Chini, upande wa nyuma, ukibonyeza kidole kinaingia. Bi. Kazija, mmoja wa wale wenzake, mtu wa maneno, kazi yake ikawa kufua maji kwa kopo tangu wanatoka mpaka wanarudi. "Mie silimi mwani tena," anasema. "Mie naihamisha bahari."

Bi. Mosi akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtu wa mjini, unajua mafundi na unajua bei. Tumechanga laki sita. Tunataka mtumbwi utengenezwe kwa kitu kisichooza. Tukifa sie, waurithi wajukuu."

Mtumbwi usiooza! Nikamwambia mama, hilo niachie mie. Nikatuma lori, mtumbwi ukaletwa bandani kwangu Mwanakwerekwe, ukawekwa kati ya majokofu.

Nikaulizia fundi wa vyombo, nikaelekezwa Nungwi. Nilitarajia mzee wa kofia na tasbihi. Akaja kijana, nimwite Makame: jezi ya mpira, simu mbili, ndevu unazoweza kuzihesabu ukiwa umekaa. Baba na babu zake ni waunda vyombo. Yeye kaongezea kazi ya faiba, ile nguo ya nyuzi inayopakwa dawa ikagandana ngumu kama bakuli.

Akauzunguka mtumbwi anaugonga kwa mpini wa patasi, katega sikio. Mahali pazima unaitika. Pabovu unanyamaza. Kila uliponyamaza akapiga alama ya chaki.

"Nakata ubovu wote," akasema. "Natia kiraka cha mvule, mvule hauozi ovyo. Kisha naukosha chumvi, naufudikiza tumbo juu kwenye magogo, kivulini, penye upepo. Siku arubaini. Ukishakauka napaka faiba nje tu. Ndani nauacha mti upumue, naupa mafuta."

"Kiasi gani?"

"Laki nane, na mbao zangu."

"Laki mbili."

"Ami, laki mbili nikupe mie, uniache nifanye kazi?"

Nikajua huyu kalelewa vizuri. Tukavutana, tukacheka, tukakamatana kwenye laki sita. Pesa ile ile waliyochanga kina mama.

Hapo ningenyamaza! Lakini ulimi wa mpatani bei ni kama feni ya hoteli, ukishauzima bado unazunguka.

"Na hizo siku arubaini," nikamwambia, "mwisho ngapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Siku. Nnakupa kumi."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga chaki. "Ami, siku haziuzwi."

"Kumi na tano, tumalize."

"Mtumbwi ukishakatwa kiraka ni mzazi. Mkeo alipojifungua ulimtoa nje siku ya kumi na tano?"

"Mke wangu si mwembe."

"Ndiyo maana kakuvumilia. Mwembe hauvumilii. Faiba ni koti la mvua. Ukilivaa mkavu, unabaki mkavu. Ukilivaa umelowa, unaivia humo humo ndani. Na chunga, maji ya bahari yanauchakaza mti, lakini maji ya mvua na ya kisima ndiyo yanayouozesha. Yakishafungiwa ndani hayatoki."

"Ishirini," nikasema. "Ishirini na soda."

Akachukua patasi yake akaondoka. Soda hakunywa. Nikainywa mie, isiharibike.

Nikakasirika! Mtoto wa jana anifundishe mie mambo ya koti! Nikamwita Saidi, jamaa anayeziba matangi ya maji na mabwawa ya hoteli. Nikamuuliza kazi itachukua siku ngapi.

"Wewe unataka ngapi?" akauliza.

Nikasema moyoni, huyu ndiye fundi!

Saidi alichukua laki nne, na faiba yake. Mbao za kiraka nilitoa mie bandani, kipande cha mlango wa chumba cha hoteli. Milango ile nilikuwa nimeiuza miaka miwili kwa jina la mvule, mpaka mwenyewe nikaamini. Laki mbili zilizobaki nikaziweka mfukoni, nikaziita ushuru wa akili. Mtumbwi ulikauka siku tisa chini ya bati, na mbili kati ya hizo mvua ilinyesha. Saidi akaufunga faiba nje na ndani, nene, akaupaka rangi. Siku ya kumi na mbili ulikuwa unang'aa kama beseni la bibi harusi.

Hapo ningeurudisha! Wallahi ningeurudisha siku ile ile, hasara ingekuwa ndogo. Lakini nilikuwa nshamwambia Bi. Mosi siku arubaini. Nilimpigia simu nikamsomea maneno yote ya Makame, ya mzazi na ya koti, kama yangu. Mama akanisifu, "Mwanangu, kumbe una elimu ya mti." Nikiupeleka siku ya kumi na mbili, elimu itakwenda wapi?

Zilibaki siku ishirini na nane. Na bandani kwangu kitu hakikai bure.

Kuna hoteli moja kule Kendwa huninunulia vitu na kuniuzia vitu. Bwana wa vyakula wa pale alikuwa anataka kitu cha kupambia meza za ufukweni. Akaniambia kwa simu, "Kitu cha asili. Kizee kizee."

"Nnao mtumbwi."

"Wa zamani?"

"Unautaka wa zamani kiasi gani?"

Elfu kumi na tano kwa siku. Kumi na mbili jumlisha ishirini na nane ni arubaini. Nikajumlisha tena kuanzia nyuma. Arubaini.

Nilipokwenda kuchukua pesa ya wiki ya kwanza nikauona Sina Pupa umekaa juu ya mchanga, shingoni shada la maua, umejaa barafu mpaka mdomoni. Juu ya barafu kamba na ngisi. Sawa. Katikati ya barafu, chupa. Si za soda. Zile chupa za shingo ndefu ambazo mkwe wangu akiziona kwenye picha huigeuza picha.

Astaghfirullah! Mtumbwi wa mwanamke ambaye hakanyagi majini mpaka asome bismillahi!

Nikajiambia chupa zimefungwa, na kilichofungwa hakijamwagika. Fatwa hiyo nilijipa mwenyewe, na ndiyo pekee niliyowahi kupewa bure. Nikahesabu pesa yangu mara mbili, nikaondoka.

Na walikuwa wameutoboa. Tundu la kidole gumba, chini kabisa, ili barafu ikiyeyuka maji yatoke. Nililiona. Sasa barafu ni nini, jamani, kama si maji ya kisima yaliyolala? Siku ishirini na nane maji yanateremka, mengine yanatoka mchangani, mengine yanapenya pale kwenye tundu, katikati ya mti na faiba, yanajitandikia kitanda.

Siku ya kuuchukua, muuza vinywaji wao akaniona nnalitazama lile tundu. Akachukua kizibo cha chupa ya mvinyo, akakigongomea pale kwa kitako cha chupa. "Hakitoki hicho, bosi."

Nikakipaka puti, nikakipaka rangi juu yake. Hakikuonekana.

Siku ya arubaini nikaufikisha. Vigelegele! Ubani, dua, kahawa na halua pale pale ufukweni. Bi. Mosi akaupapasa mtumbwi kuanzia mbele mpaka nyuma kama anayempaka mtoto mafuta.

"Arubaini kamili umesubiri, mwanangu?"

"Arubaini mama. Nimehesabu mara mbili."

Hesabu sikuidanganya. Nilidanganya kila kitu kingine. Akanishika kichwa akaniombea dua ndefu, kisha akaniletea bakuli la bokoboko, nikala na kurudia. Zile laki mbili zilikuwa mfukoni, nikikaa vibaya zinanichoma paja.

Mwezi wa pili tangu niurudishe, Bi. Kazija akanipigia.

"Baba, mtumbwi wako unanenepa."

"Kunenepa ni afya."

"Tulikuwa tunausukuma wanne, sasa sita. Jana tumewaomba wavuvi watusaidie, wakatuuliza tumepakia nini. Tukawaambia bado hatujapakia."

"Mvule huo, Bi. Kazija. Mti mzito."

Nikacheka, akacheka. Mwezi wa nne akapiga tena, na mara hii hakuwa na utani.

"Unatoa harufu."

"Ya nini?"

"Ya nguo iliyosahauliwa ndooni. Mosi anasema tukuulize wewe, ndiye mwenye elimu."

Sasa sikilizeni, kwa sababu ungamo langu ni hapa. Si barafu. Si chupa. Si laki mbili. Ni hapa. Nilipoambiwa harufu, nilijua. Lile koti la mvua lilinijia kichwani zima zima, na sauti ya Makame ndani yake. Ningeweza kusema, "Msiende kinani mpaka nije." Maneno manne. Lakini nikienda itabidi faiba ipasuliwe, na ikipasuliwa utaonekana mlango, na kizibo, na mie.

Nikasema, "Rangi mpya hiyo. Itaisha."

Rangi mpya!

Mwezi wa tano, siku ya mavuno, walikwenda wawili, Bi. Mosi na Bi. Kazija, ili nafasi ibaki ya magunia. Wakajaza tisa. Wakati wa kurudi maji yanajaa, Bi. Kazija kashika pondo, akasikia chini ya miguu yake kitu kinakatika polepole. Si kishindo, anasema. Kama mkate wa ajemi unapogawiwa. Kiraka kikatoka kizima, na bahari ikaingia pale pale kilipokuwa.

Mahali penyewe pondo haligusi chini.

Bi. Kazija alikumbatia kipande cha mlango wangu. Bi. Mosi alizama, akaibuka, akazama, mkono wake ukakutana na kamba ya mwani, akajivuta nayo mpaka kwenye zile chupa tupu. Chupa zilizomwingiza ni zangu. Zilizomtoa ni zake.

Kuna vijana wa Paje wanaofundisha wageni kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na mwavuli juu ya maji. Wawili wao waliwasikia. Mmoja akamchukua Bi. Mosi, kamshikiza mkanda wake mgongoni, akamburuza mpaka pwani. Mwenziwe akamchukua Bi. Kazija, ambaye alikataa katakata kuuachia mlango. Mpaka leo anasimulia: "Wazungu wanalipa madola kwa mwavuli ule. Mie nimepanda bure, na fanicha yangu."

Lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilikuwa dukani napatana jokofu, simu ikalia. Zuwena.

"Mama kazama."

Maneno mawili. Niliyahesabu. La tatu lilichelewa, alikuwa analia, na hapo katikati ndipo nilipozeeka.

"Yuhai."

Alilazwa siku tatu, kifua kimejaa maji ya chumvi. Nilikaa nje ya wodi nikijiambia, akipona nitamweleza. Akapona. Sikumweleza. Tukamrudisha kwake, na nilipofika pale nikakuta mtumbwi umevutwa mpaka karibu na nyumba, na mbele yake kachutama mtu wa jezi. Zuwena ndiye aliyemwita, hakujua kama tunajuana. Kaambiwa kuna fundi hodari Nungwi, na kweli yupo.

Makame hakunisalimia. Akachoma patasi kwenye faiba, akaifungua kama anayechana gunia. Ndani hakukuwa na mti. Kulikuwa na boflo lililochovywa kwenye chai. Akaliteka kwa kiganja, likamvujia kati ya vidole. Uwanja mzima ukanuka.

Kikaanguka kizibo.

Bi. Mosi alikuwa amekaa barazani, kajifunika kanga mbili. Akanyoosha mkono, Makame akampa. Akakigeuza. Akakinusa. Akanitazama.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Kizibo, mama."

"Cha nini?"

"Cha... siki."

"Siki!" akadakia Bi. Kazija. Akaingia ndani akatoka na kile kipande cha mlango, akakipindua. Nyuma kimechongwa namba, kumi na nne, na pembeni matundu ya bawaba. "Na hiki ni cha nini? Cha kabati la siki? Mimi nimekaa kwenye maji nimekumbatia chumba namba kumi na nne, baba! Niambie mgeni wake nani, nimrudishie!"

Makame akafuta patasi kwenye jezi. "Ami," akasema kwa adabu kabisa, "mwisho ulizipata kwa ngapi, zile siku?"

Nikasema yote. Saidi, mlango, siku tisa chini ya bati na mbili za mvua, Kendwa, barafu, chupa, tundu, laki mbili. Na ile harufu niliyoiita rangi. Bi. Kazija alianza kucheka kwenye barafu, nilipofika kwenye harufu akawa analia, akarusha mlango chini akaenda zake nyuma ya nyumba.

Zuwena hakulia. Alisimama mlangoni kwa mama yake, kashika fremu.

"Siku za mwizi arubaini," akaniambia. "Na wewe hata hizo hukuzitimiza."

Akaingia ndani. Hajatoka.

Nikamgeukia mkwe wangu, nikatoa pesa. Laki sita zao, na za hoteli juu yake. Nikaziweka miguuni pake. Hakuzitazama.

"Fedha sizitaki."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli! Mtu asiyetaka fedha utapatana naye nini?

"Nataka mtumbwi," akasema, sauti yake bado ina bahari ndani. "Utatafuta gogo zima lililochongwa, atakalolikubali Makame, siyo wewe. Atatia mvule atakaouona yeye. Utakaushwa hapa, mbele ya macho yangu, siku arubaini. Utakuja kila siku uugeuze kwa mikono yako na uuhesabie. Ukishuka majini, utaanza kwenda nao wewe. Peke yako, na pondo, mpaka shamba la kinani, uniletee gunia moja. Ukirudi nao mkavu, tutapanda sie. Na mkeo atarudi kwako."

"Mama, hiyo ya kwenda..."

"Unataka kupatana?"

"Hapana, mama."

Siku kumi na nne zilikwenda kulitafuta gogo. Tulilipata Kizimkazi, mtumbwi wa zamani uliopumzishwa chini ya makuti, laki tano. Mwenyewe alisema laki tano, nikasema laki tano, akashtuka, akauliza kama naumwa. Makame laki tisa, moja zaidi ya ile ya mwanzo, ya kuninyoosha. Lori laki moja. Hesabu yake mnayo pale juu.

Leo ni siku ya kumi na saba. Kila asubuhi nnatoka mjini na vespa. Pale Jozani kima punju wanavuka barabara wanavyotaka wao, nnazima mashine nnawasubiri, sipigi honi. Nikifika nnaukuta mtumbwi juu ya magogo, tumbo juu, kivulini. Nnaugeuza kidogo upande wa upepo. Makame kanifundisha kuugonga. Wiki ya kwanza ulikuwa unanijibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Sasa sauti inaanza kuwa nyembamba. Anasema ni maji yanayoondoka.

Kisha nnakwenda barazani.

"Shikamoo mama."

Haniitikii marahaba. Ananiuliza, "Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na saba."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Hesabu tena."

Nnahesabu tena. Ndani nnasikia vyombo vinaoshwa, na anayeviosha namjua kwa mlio, anavigonganisha akiwa na hasira. Nyumba nzima ya mkwe wangu sasa ina vyombo safi kuliko hoteli zote nilizowahi kununua milango yake.

Nyinyi mnaonisoma, pataneni. Pataneni samaki, godoro, kiwanja, hata mahari kama roho yenu ngumu. Lakini fundi akikwambia mti unataka siku kadhaa, zipokee kama zilivyo, usitie mdomo. Kitu kilicholowa hakijui kama una haraka, wala hakijui kwamba wewe ni hodari. Na mtu akikwambia chombo kinanuka, usimtajie rangi. Panda vespa, nenda ukanuse mwenyewe.

Sasa shida yangu, ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mnakumbuka nguo za Forodhani, nilizokuwa nalinda kwa peremende? Haikuwa biashara tu. Mie sijui kuogelea. Miaka hamsini na mbili, nimezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, na maji yakinifika kifuani nnaanza kusoma shahada. Zuwena hajui. Mkwe wangu hajui. Wanawake wanne niliwafunga kwenye boflo nikawaambia waende kwenye kina ambacho mie mwenyewe singetia kisigino.

Kumwambia Bi. Mosi siwezi. Atadhani napatana.

Kwa hiyo naomba. Anayemjua mtu, mwanamume, mstahamilivu, asiyecheka ovyo, anayeweza kumfundisha mtu mzima mwenye kitambi kuelea na kurudi, aniandikie hapa hapa nitaona. Zimebaki siku ishirini na tatu. Ataje bei, na hiyo hiyo ya kwanza nitalipa.

Na akisema kuogelea kunataka siku arubaini, basi nitakwenda barazani, nitapiga magoti, nitamwomba mkwe wangu aniongezee kumi na saba. Itakuwa mara yangu ya kwanza kupatana kwenda juu.